Kilomita Ishirini na Tatu Bila Kutoka Chumbani

Kazi yangu ni kuendesha magari yasiyokwenda popote.
Saa moja asubuhi, Kajaani bado giza,
nje zebaki imejikunyata nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ndani ya maabara ni ishirini na tatu juu yake,
kama ilivyoagizwa, na fulana inatosha.
Magurudumu yanazunguka juu ya mapipa ya chuma,
feni inapuliza upepo usio na harufu ya msonobari,
nami nafuata mstari wa kijani kwenye skrini:
panda, shuka, simama, ngoja taa ambayo haipo,
ondoka taratibu kana kwamba nyuma yako hakuna mwenye haraka.
Na kweli hakuna.
Nusu saa. Nashukia pale pale nilipopandia.
Moshi wote umenaswa, umehesabiwa,
karatasi inatoka: nne nukta nane kwa kilomita mia.
Natia sahihi. Sijadanganya.

Jumamosi Kyösti alikuja, theluji kwenye nyusi,
daftari kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.
Hakuvua hata kofia.
"Aulikki, hii nne nukta nane yako inaishi wapi?
Nihamie."

Daftari halikuwa na maneno mengi.
Tarehe, lita, kilomita, kwa penseli, maana wino huganda.
Sita nukta tisa. Saba. Sita nukta nane.
Pembeni: upepo wa kaskazini.
Pembeni: mbwa na viazi.
Pembeni, siku ya saba na nusu: nilikuwa na hasira.

Nilimjibu kama tulivyofundishwa:
kipimo si ahadi, Kyösti, kipimo ni kibaba.
Hata kikiwa kimebonyea, kimebonyea kwa wote;
ukitaka kujua gari lipi linakunywa kidogo
linganisha karatasi na karatasi,
usilinganishe karatasi na barabara.
Nilijiona mwerevu. Kahawa ilikuwa bado moto.

Akafungua ukurasa wa nyuma.
Huko aliandika gari la shemeji yake, Tauno,
la kijivu, zito kama zizi.
Karatasi yake inasema tano nukta nne; niliipima mwenyewe.
Barabara ile ile ya Suomussalmi, wiki ile ile,
tairi za misumari za aina moja:
sita nukta mbili.
"Kibaba chako," akasema, "kimebonyea upande wangu tu."

Nilinyamaza.
Kile kidude chake chenye turbo nilikijua,
kipole juu ya mapipa, mwanafunzi wa kukariri,
kinajua swali lipi litatoka na jana kililala mapema.
Kipe kilima, kipe baridi, kipe safari za dakika sita
dukani na kurudi, injini haijatoa hata jasho,
kinakunywa kama aliyeachiwa ufunguo wa ghala.
Lile la kijivu halijui mtihani. Linajua njia.

Heri kipimo chenye kasoro kuliko neno la muuzaji,
hilo bado nasimama nalo;
bila mapipa haya kila mtengenezaji
angejitafutia kilima chake cha kuteremka.
Lakini ile tofauti ya nukta sita kati ya karatasi mbili,
ambayo mtu wa miaka sabini na moja aliitolea akiba,
ilikuwa nyembamba kuliko upepo wa Januari.
Hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi.
Nafasi ilikuwapo. Niliangalia.

Nikamwomba daftari. Akakataa.
Akaninakilia kurasa mbili, polepole, kwa penseli,
hata ile ya hasira.

Jumatatu saa moja nimefunga mkanda.
Gari jeupe, geni, namba yake haijajulikana.
Kurasa ziko mfukoni, zimekunjwa mara nne.
Feni inawaka, mstari wa kijani unaanza kupanda,
nami naupanda nao, taratibu,
kana kwamba kiti cha nyuma kina mbwa
na viazi.