Muhuri wa Mtendaji

Fomu iliuliza: Eleza hali ya kipato cha familia yako.
Mistari minne, nukta nukta hadi ukingoni.
Nikaandika: Baba analima tumbaku.
Nikafuta.
Nikaandika: Baba anadaiwa na tumbaku.
Kweli yote ikaenea mstari mmoja,
mitatu ikabaki kunikodolea macho.

Kiambatisho cha pili: barua ya mtendaji wa kijiji,
yenye muhuri, kuthibitisha kuwa mwombaji ni mhitaji.
Nikapanda basi la alfajiri, njia ya Urambo,
nauli ya kwenda nimeazima kwa Kalunde,
ya kurudi Mungu anajua.
Mtendaji akanisikiliza hadi mwisho, mtu mpole,
kisha akasema wino siku hizi unanunuliwa.
Elfu tano.
Mama akauza jogoo.
Ndivyo nilivyothibitishwa kuwa sina:
kwa kutoa.

Jina likatoka. Kumi na wanane tulioitwa.
Shija akapewa chupa za maabara, azioshe asivunje,
Mhoja anayesomea hesabu akapelekwa kantini
kuhesabu sahani zinazotoka na zinazorudi
(hazijawahi kulingana, na yeye hajawahi kulala vizuri).
Mimi ofisi ya mshauri wa wanafunzi,
saa tatu kila jioni, vipindi vikiisha,
vumbi la Tabora likiwa bado kwenye soksi.
Bi Tausi hakuniuliza shida zangu.
Alinionyesha birika:
"Chai ni ya ofisi. Sukari ni yangu."

Malipo ya kwanza nikamrudishia Kalunde nauli yake.
Akazihesabu noti mara mbili, akaziweka chini ya godoro.
Yeye pia aliomba. Lake halikutoka.
Usiku, taa imeshazimwa, nikidhani amelala,
akasema ukutani:
"Kwetu mtendaji alitaka kumi."

Sasa ni Oktoba, joto limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga,
na fomu mpya zimefika.
Mia mbili na kumi na mbili.
Nafasi ni zile zile kumi na nane.
Kazi yangu, ninayolipwa kwa saa,
ni kupanga fomu za wanaoomba kazi yangu:
zilizokamilika kulia,
zisizo na muhuri kushoto.

Kulia. Kushoto. Kushoto. Kulia.
Moja ikanishika mkono.
Mistari minne haikumtosha huyu;
maandishi yamepanda pembeni, yamezunguka karatasi
kama siafu wakitafuta mlango:
mizinga ya nyuki huko Sikonge, moto wa msitu,
asali iliyochuruzika ikiwaka, mama na mkono uliofungwa kanga,
wadogo watano, kwa majina yao, na umri, na darasa la kila mmoja.
Pale pa muhuri, duara tupu alilolichora kwa kalamu,
na ndani yake, herufi ndogo:
Muhuri nitauleta nikishapata kazi.

Bi Tausi ametoka kuswali magharibi.
Birika limeanza kunung'unika.
Nikaisoma tena.
Nikatia sukari isiyo yangu, vijiko viwili, nikakoroga.
Kisha nikaichomeka kulia,
si juu, wala si chini kabisa,
katikati, pale ambapo mkono wa mkaguzi
hufika ukiwa umeshachoka kukagua.

Nikaenda kunawa mikono,
sijui kwa nini.