Taa Hujaa Kunapokucha

Katungu ameiandika kanuni nyuma ya daftari la hesabu,
kwa kalamu nyekundu, asije mtu akadai hakuiona:
Taa ya Mlinzi wa Shimo huponya mara moja.
Ikishaponya, hulala.
Hujaa tena kunapokucha.

Maneno machache, wala hayakutusumbua
mpaka usiku ule, Mabanga, mvua imekatika na umeme pia,
mshumaa umesimikwa kwenye kizibo cha bidoni,
na Paluku, yaani shujaa wake, Shoka-Mbili,
kalala kwenye ngazi za pango,
damu imemwishia, kabakiwa na tendo moja.

Taa tulikwisha kuitumia mchana,
mchana wa mchezo, kwa jeraha la kipuuzi.
Mimi ndiye niliyeiomba. Niliumwa na popo.

Bauma, anayesomea sheria mwaka wa pili,
akasafisha koo kama yuko mbele ya jaji.
"Siku huanza lini? Nijibuni kwa lugha ya mama zenu.
Jua likizama Jumamosi tunasema usiku wa kuamkia Jumapili.
Basi Jumapili imekwisha ingia, imevua viatu mlangoni.
Siku ni mpya. Taa imejaa."

Katungu hakuinua macho.
"Sikuandika siku. Niliandika kunapokucha."

Paluku akanyoosha kidole dirishani.
Kaskazini mbingu ilikuwa nyekundu,
nyekundu ya chungu kilichosahauliwa mekoni.
"Na kule?"

Tukanyamaza.
Kila mtu wa Goma ana usiku mmoja uliojifanya asubuhi.
Mimi, mama alituamsha akitafuta sare zetu za shule
kwa mwanga ule ule, akamfunga mdogo wangu vifungo vyote
kabla hajasikia watu wanakimbia.

"Ule ni mlima," Katungu akasema, taratibu sasa.
"Jua letu hutokea Gisenyi.
Huvuka kabla bariera haijafunguliwa, halionyeshi karatasi.
Mkiitaka alfajiri, tuikalie."

Raundi moja, kwa kanuni, ni sekunde sita.
Dadu ya nyuso ishirini,
niliyoichonga kwa kipande cha chukudu kilichovunjika
(saba yake hufanana na moja, mnisamehe),
akaifunika kwa kikombe cha chai.
Hakuna atakayekufa, hakuna atakayepona.
Tukakaa usiku kucha ndani ya sekunde sita.

Bauma akasinzia, hoja bado mdomoni.
Nikaangalia simu yangu: asilimia nne.
Nayo ina kanuni yake: hujaa kwa Kizito,
faranga mia tano, jua likishapiga paneli, si kabla.
Bomba la mtaa nalo: hutoa maji saa kumi usiku, au halitoi.
Hakuna aliyeyaandika haya kwa wino mwekundu
na hakuna anayeyabishia.

Saa kumi kasoro, Paluku akachukua mabidoni mawili, akatoka.

Kukakucha bila yeye.
Kwanza jogoo wa jirani, mwongo wa siku zote; hatukumhesabu.
Kisha magurudumu ya chukudu, yakishuka na makaa
juu ya mawe ya lava, ngurumo ndogo ndogo.
Kisha ule mstari mwembamba, upande unaotakiwa.
Katungu akapuliza mshumaa.
"Imejaa."

Nikapeleka mkono kwenye kikombe.
Akanipiga kofi la vidole.
"Kuwasha ni tendo. Tendo ni la mwenye zamu."
"Yuko bombani!"
"Basi sekunde ya sita itamngoja."

Alirudi suruali imelowa hadi magotini,
akatua bidoni moja, ya pili akabaki ameishika,
kana kwamba kuitua kungehesabiwa.
Akatazama dirisha. Akatazama kikombe.

"Naiwasha," akasema.