Meta ya Kumi na Tisa

Kampala wanataka jumla kabla ya Ijumaa.
"Namba moja tu," Ssemwezi ananiambia kwenye simu,
"iliyo nzima, bodi wasihangaike na vipande."

Nimepanga chumba Kasese. Meza inayumba,
nimekunja risiti ya mafuta nikaiweka chini ya mguu wake.
Juu yake ramani ya zamani, kikokotoo, chai iliyopoa,
na bonde ambalo halijatobolewa hata shimo moja
tujue kama chini kuna mwamba au kuna uji.

Ndivyo kazi hii inavyoanza: kutojua, lakini kwa mpangilio.
Urefu wa tuta, meta mia nne na ishirini.
Kimo, kumi na nane.
Juu, upana wa meta sita, gari la doria lipite.
Udongo wa kuchimba, kubeba, kumwagia maji, kushindilia,
meta za ujazo laki mbili na elfu thelathini,
kila moja shilingi elfu thelathini,
bei niliyoiazima kwenye barabara ya huko Hoima
ambako mfinyanzi ulichimbwa kando ya kazi.
Hapa sijui uko wapi. Nimeandika "kilomita nne"
kwa mkono uleule ulioandika barua za mapenzi,
yaani bila ushahidi.

Bilioni sita na milioni mia tisa.
Bado mchanga wa kuchuja,
bado njia ya kutolea maji ya mvua kubwa,
bado mihogo, kahawa, na makaburi mawili
ambayo jedwali langu linayaita "mengineyo".
Wahenga waliotuonya tuzibe ufa tusije kujenga ukuta
hawakutaja bei ya ukuta.

Jumatano, Nzanzu alisimamisha gari anunue vocha.
Dukani kwa Masika ukutani kuna mstari wa kahawia
unaopita juu ya kalenda, juu ya swichi ya taa.
"Nimepaka rangi mara tatu," alisema, akihesabu chenji,
"unatokeza tena."
Nilitoa futi kamba.
Nilimuuliza ilikuwa mwaka gani.
Akasema mwaka ule mwanangu alipoanza kutembea,
akatembea juu ya meza, maana sakafu ilikuwa mto.

Kitabu cha mvua nilichopewa kina kurasa tupu mwaka huo.
Kipimo chenyewe kilichukuliwa na maji.

Usiku nikaongeza meta moja.
Tuta halipandi kama nyumba, tofali juu ya tofali.
Likiinua kichwa, hutanua miguu,
na meta hiyo moja ya juu
inaomba udongo tangu chini kabisa:
elfu ishirini na tano za ujazo,
milioni mia saba na hamsini,
kwa ajili ya doa kwenye duka la vocha.

"Nani kakupa hiyo?"
"Mwenye duka."
Nikasikia Ssemwezi akivuta kiti.
"Iondoe. Tutaiangalia hatua ijayo."

Hatua ijayo naijua.
Nitaandika chini, kwa herufi ndogo,
huenda ikapungua thelathini kwa mia, huenda ikazidi hamsini,
na hakuna atakayesoma.
Namba ya kwanza ni kama jina la utani la shule:
utaoa, utazeeka, watakuita hilohilo.
Na tope la mgodi, lile la kijivu, laini kama unga wa wimbi,
halisomi herufi ndogo. Linasoma kimo.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, nimetuma.
Kimo: kumi na tisa.
Safu ya maelezo, mahali pa kutaja chanzo:
"Ukuta wa duka la Masika. Meta moja na sentimeta arobaini
kutoka sakafuni. Picha imeambatishwa."

Simu bado haijalia.
Nimeichomoa risiti chini ya mguu wa meza,
nayo inadaiwa ofisini.
Chai imemwagikia ramani, upande wa bondeni.