Ratili Mbili

Mwaka ule korosho zilijaa ghala hadi darini.
Tukazisukuma ukutani, gunia juu ya gunia,
tukapata mahali pa ulingo:
mbao za bandarini, turubai la lori,
kamba za katani zilizomchuna kila aliyeziegemea.
Kengele ilikuwa rimu ya gari.
Kiti cha mbele, shilingi tano. Juu ya magunia, shilingi moja,
na ukianguka ni shauri yako.

Mimi nilikuwa karani wa mizani.

Uzito mwepesi, alisema refa, Mwalimu Chilemba,
ni ratili mia na thelathini na tano,
isizidi hata punje.
Mizani ya hospitali ilikuwa mbovu. Wakaja kwangu.

Silvano Nachundu alitoka Ndanda,
siku mbili juu ya lori, matope ya Desemba,
akitema mate ndani ya kopo la maziwa
tangu Nanganga hadi Mingoyo,
ulimi mkavu kama ganda la karanga.
Rozari alimshikisha mdogo wake,
hata nayo ina uzito.
Mshale ukayumba, ukatulia
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Sawasawa.

Mfaume Liputa, kuli, wa mtaani kwetu Chikongola,
alikuja anajifuta midomo.
Asubuhi nilimwona kwa Bi Somoe
na bakuli la pweza. Na la pili.

Sasa sikiliza, leo sina cha kupoteza ila meno matatu:
ncha ya kiatu changu cha kulia
ilikuwa na kazi yake chini ya lile jukwaa.
Misimu sita iliinua magunia ya wakulima
kidogo, kidogo tu, kama anayemsaidia mgonjwa kuamka,
na ratili zilizopotea
zilijua zenyewe njia ya kwa mwenyekiti.
Siku ile iliinua ratili mbili za pweza.
Nikaandika. Nikapiga muhuri.

Silvano hakuutazama mshale.
Alitazama kiatu.

Ngumi zake hazikuwa nzito, zilikuwa nyingi,
mvua ya mawe juu ya bati:
ukikinga huku, zinagonga kule.
Mfaume akarudi nyuma, akarudi,
hadi katani ikamwandika mgongoni.
Raundi ya sita akapiga goti.
Refa alihesabu hadi nane,
na Chikongola nzima, juu ya magunia, ikasahau kupumua.

Ya saba umeme ukakatika.
Karabai nne zikatundikwa, na vivuli vyao
vikapigana ukutani, virefu kuliko wenyewe,
visivyopimwa na mtu.

Ya nane, kiu ikaingia ulingoni.
Niliiona mimi, sidhani kama mwingine aliiona.
Ilipitia kona ya Silvano, ikamkaa magotini.
Makonde ya kushoto yakaanza kuchelewa
nusu pumzi, kisha pumzi nzima.
Na Mfaume, mtu aliyekula, alikuwa na subira.
Ya tisa akatupa la kulia, chini ya mbavu,
likiwa na uzito wake wote,
pamoja na ule usioandikwa.

Pointi moja. Moja tu.
Walimbeba Mfaume hadi sokoni na ngoma.
Mpaka leo wapenda ngumi wa Mtwara huapa:
hakuna pambano lililokuwa safi kama lile.
Mimi huomba chumvi.

Msimu uliofuata nilipelekwa Ndanda kununua.
Foleni ilifika barabarani.
Akaja na gunia begani, kovu juu ya jicho,
baba yake nyuma na mkongojo.
Akalitua. Nikasoma, nikashika kalamu.

"Pima tena," akasema,
taratibu, kama anayeomba maji.

Nikauondoa mguu.
Mshale ukapanda ratili tatu na robo, ukakaa.
Hatukutazamana.
Baba yake akacheka, akawageukia wenzake kwenye foleni,
akawaambia mizani imepona.