Kifungo cha Tatu

Jumamosi nikishafunga kibanda, Mukhwana wa muvi
hunitilia filamu sita kwenye flashi kwa shilingi mia,
ya saba hunipa bure: "Mama Khaoya,
hii hata mimi sijaielewa."
Basi nisikilizeni mimi, fundi wa cherehani,
hapa Webuye, nyuma ya soko, mlango wa bati la kijani.
Macho yangu hayajui kutazama.
Yanajua kutafuta mshono.

Ya kwanza ni ya jela. Shujaa kafungwa miaka ishirini
kwa kosa la kakake. Machozi yalinitoka, sikatai.
Lakini shati aliloingia nalo ndilo alilotoka nalo,
kola haijachakaa, na kifungo cha tatu
kinang'aa kama sarafu mpya.
Kifungo cha miaka ishirini, jamani,
na kifungo kimoja hakikukatika?
Nasambu, mwanagenzi wangu, akasema,
"Nyamaza, tunatazama."
Nikanyamaza. Ila niliona.

Ya wafalme na mapanga:
joho la mfalme limepigwa ovaloki,
enzi ambazo cherehani haijaota hata ndotoni.
Watu elfu wanachinjwa bondeni
mimi nahesabu pindo.

Ya mapenzi sitaki kuisema sana.
Wananyeshewa darajani, wanaapizana, wanakumbatiana,
gauni la hariri halimgandi mwilini.
Mwongozaji yule hajawahi kushikwa na mvua ya saa kumi
akitoka Bungoma na mtoto mgongoni
na kitambaa cha mteja kwenye mfuko wa karatasi.

Ya vita, risasi nyingi kuliko maneno. Nililala.

Ya tano ina mtafsiri, yule kijana wa sauti ya kukwaruza,
anayeongea juu ya kila mtu, hata juu ya farasi.
Jambazi mkuu kampa jina: Baba Mwenye Nyumba.
Kila akitokea na bastola, mtafsiri analia,
"Kodi! Leo ni tarehe tano!"
Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta,
kisha jirani akaja, akaketi.
Wasomi watasema kaiharibu. Mimi nasema kaipunguza kiunoni
ikatukaa.

Ya mzimu: mwanamke ameshika kitasa,
nyuma ya mlango kitu kinapumua,
anazungusha, taratibu, taratibu,
stima ikapotea mtaa mzima.
Siku tatu giza. Sijarudi kuimalizia, wala sirudi.
Hiyo naipa kumi kwa kumi.

Na ile ya bure.
Wameipiga kwa simu, vijana wa huku Misikhu.
Sauti imejaa upepo. Kuku anakatiza mbele ya mauaji.
Muuaji mwenyewe kavaa viatu vya shule
na anatutazama kama anayengoja kusahihishwa.
Nilikuwa nimeshanyanyua mkono niizime.

Kisha mjane anafungua sanduku.
Halii. Hakuna muziki. Anatoa ovaroli ya kiwanda,
anaugeuza mfuko nje ndani, unamwaga vumbi jeupe,
vumbi la karatasi,
analitazama kiganjani, hajui alitupe wapi.
Halafu anaona kifungo kinaning'inia.
Anatafuta sindano.

Nani aliwaambia?
Mimi sikuwahi kumwambia mtu.
Bomba la kiwanda lilikuwa limeshanyamaza, harufu imehama mji,
Mang'eni ana wiki mbili ardhini,
nami usiku nimewasha koroboi, nimelamba uzi,
nimekaza kifungo kwenye nguo ya mtu
ambaye hatavaa.

"Sasa hiyo ataivaa nani?" Nasambu akauliza.
"Nyamaza," nikasema. "Tunatazama."

Ila uzi wake ulikuwa mweusi, na ovaroli ni ya buluu.
Jumamosi nitamwambia Mukhwana awafikishie:
buluu ninayo, wasinunue,
waje kuchukua hapa.