Kikohozi cha Upande wa Pili

Ngazi saba kwenda chini, Westchester Avenue, Bronx.
Juu yetu treni, na kila ikipita
Eneida anainua sindano, anangoja,
anairudisha pale pale alipoitoa.
Miaka thelathini na mbili, hajakosea mfuo.

Nje theluji imegeuka tope. Nimetoka zamu ya usiku,
bado nanuka dawa ya kudekia hospitali,
nimeinamia kasha la dola tano,
santuri zilizopinda, zilizokwaruzika, zisizo na mwenyewe,
nazipekua kama achambuaye mchele.

Ndipo nikaiona. Lebo ya kijani, kindege kimoja,
kampuni iliyokufa kabla sijazaliwa.
Tulikuwa nayo Tabora.

Baba, karani wa reli, aliipata kwa fundi cherehani
kwa kubadilishana na viatu.
Kihispania hatukukijua, lakini tuliimba yote,
kwa maneno ya kujishonea.
Lile *corazón* la kila ubeti
tulidhani ni stesheni, mbele kidogo ya Urambo.

Na upande wa pili, wimbo wa tatu,
tarumbeta inapovuta pumzi,
kabla vijiti havijagonga tatu, kisha mbili,
mtu anakohoa.
Kikohozi kikavu, cha aliyejizuia akashindwa.
Baba aliinua kidole, nyumba nzima tukakohoa,
mama kule jikoni, mlinzi wa bohari dirishani,
na dada yangu Nyamizi, daima kabla ya wakati.

"Hiyo mbovu," asema Eneida.
"Nzuri ni ile waliyorekodi upya, safi, haina kelele.
Mtu wa Toronto kaichukua kwa dola mia sita.
Hii nipe tatu tu."
Kisha kwa kidevu akanionyesha kiti karibu na kipasha joto:
"Muulize yule. Kibuyu kinachokwaruzwa humo ndani, ni yeye."

Don Eleuterio Matos, kofia magotini.
Nikamuuliza: aliyekohoa ni wewe?

"Mimi? Sikuwa hata na mafua.
Ni Cándido, wa besi.
Studio ilikuwa juu ya kiwanda cha kofia,
Januari, mvuke umekatika,
na saa tuliyoilipia imebakiza dakika nne.
Mkubwa akasema, iacheni hivyo hivyo.
Dola kumi na mbili kwa kichwa, na mkate wa nyama.
Cándido alilia kwenye ngazi, kwa aibu.
Kufika Pasaka tulishamzika.
Waliporudia, besi alipiga mtu mwingine.
Geuza jalada, tafuta jina lake.
Mpiga picha yupo. Mchapaji yupo."

Kwetu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Nilitaka kumwambia hivyo, Kiingereza kikanikwama,
nikamwambia ya kidole cha baba,
ya mlinzi, ya jikoni.
Akasikiliza. "Watu wangapi?"
Nikahesabu. Kumi, siku nyingine kumi na wanne.
"Kila Jumapili?"
Kila Jumapili, mpaka gramafoni ilipouzwa.
Akavaa kofia. Akaivua.
Treni ikapita, Eneida akainua sindano,
na sote watatu tukatazama sahani ikizunguka bure.

Saa nne usiku nikampigia Nyamizi.
Tabora kunapambazuka, jogoo wa jirani anadai haki yake.
Sikumweleza kitu. Nikaiweka simu mbele ya spika:
mchakacho, piano, kibuyu cha Don Eleuterio,
na chini yao wote besi, ikitembea pekupeku.
Nyamizi kimya. Nikadhani simu imekatika.
Tarumbeta ikavuta pumzi.

Nusu pigo kabla ya Cándido
dada yangu akakohoa.