Tundu la Milimita Kumi na Mbili

Barua ya kwanza niliijibu kwa neno moja: hapana.
Ya pili niliwekea kikombe juu.
Ya tatu Nerys Bebb aliileta mwenyewe,
mvua ikichuruzika ukingoni mwa kofia yake.
Akanitia mkononi, akagusa jicho, akagusa karatasi:
soma. Hapa hapa. Mbele yangu.

Mimi ndiye mwenye nyumba. Moja tu, msinidhanie tajiri.
Namba kumi na saba, juu kabisa ya mteremko,
ambako hata tarishi hufika akihema,
kaskazini mwa Wales, mji ulioishi kwa jiwe la kijivu,
lile linalochanika kurasa kurasa kama kitabu.
Babu alilichana miaka arobaini, nalo likamchana mapafu.
Nyumba akamwachia mama, mama akaniachia mimi,
kuta zake unene wa mkono, kutoka bega hadi ncha ya kidole.

Nami nilikuwa na hoja.
Ukuta ukitobolewa hunywa mvua.
Mpangaji huhama, tundu halihami.
Na gharama je, yangu au yake?
Nilizipanga hoja zangu kama kuni za kipupwe,
nikaketi juu yake, nikajiona nina busara.

Barua ilisema:
Bwana Idwal, dada yangu na mama wako Patagonia.
Dada ni kiziwi kama mimi. Tunazungumza kwa mikono.
Laini yako ya shaba ikichoka, mikono yake huganda hewani.
Juzi iliganda kwenye neno mama.
Nilikaa dakika nne nikilitazama neno hilo,
sijui mama amefanya nini.
Baadaye aliniandikia, ndiyo.
Lakini habari ya mama kwa maandishi ni chai ya jana.

Nilisaini juu ya boneti ya gari lake. Wino ukatawanyika.

Jumanne akaja Macsen wa kampuni ya faiba,
kijana wa ngazi ndefu na maneno mafupi.
"Wapi?"
Nikamwonyesha kando ya dirisha la jikoni,
pale mama alipokuwa akinipima kimo kwa penseli.
Ukuta huo nimeupaka rangi mara tano,
na mstari mmoja kila mara brashi yangu huuruka.
"Chini ya huo," nikasema.
Hakuuliza ni wa nini.

Keekee ikaanza, ukuta ukalia kama jino.
Nikatoka nje. Nikarudi. Nikatoka.
Nerys alisimama palepale, kiganja amekibandika ukutani,
akiusikiliza kwa mifupa,
na kabla mimi na Macsen hatujajua lolote
akainua dole gumba: imetokea upande wa pili.

Likamwagika vumbi, na manyoya ya farasi kidogo,
na baridi iliyofungiwa humo tangu babu hajaoa.
Kisha uzi wenyewe.
Nilitarajia kitu kinene kama hofu yangu.
Ulikuwa kioo, mwembamba kama unywele wa mtoto.
"Usiukunje," Macsen akasema. Sentensi yake ndefu kuliko zote.

Kodi nilitaka kuipandisha pauni kumi na tano.
Nimeliandika hilo, nikalifuta, nikaliandika tena.
Bado sijaamua. Nisiwadanganye.

Jioni nilikuwa nafagia vumbi langu
na kwenye kioo cha kompyuta, ng'ambo ya bahari nzima,
mikono miwili ilikuwa ikienda, ikienda, haigandi,
na Nerys akicheka kicheko ambacho
miaka miwili ya kodi haikuwahi kunionyesha.
Nikainua bega, nikanyanyua nyusi:
haya, mama alifanya nini?

Akachukua risiti ya Macsen, akaandika nyuma yake:
Amejifunza kuogelea. Ana miaka sabini na sita.
Kofia yake ni ya njano.

Risiti hiyo nimeihifadhi kwenye faili la nyumba,
baina ya bima na cheti cha gesi.